Chumba cha Tatu

Ujumbe ulifika asubuhi, wakati Mhandisi akiwa bado hajamaliza chai yake. Ulitoka kwa mpangaji wake, mshonaji, aliyekuwa akiishi katika nyumba yake ya ng'ambo kwa mwezi wa saba sasa.

"Shikamoo baba. Samahani kwa usumbufu. Naomba uniongelee na mama mwenye nyumba asiwe anapiga pasi saa nane mchana. Harufu ya kuungua inajaa ukumbini. Halafu mama yangu hataki tena kula na mimi, anasema anakula na huyo mama mwenye nyumba. Sisemi kwa ubaya. Ni mtu mpole sana."

Mhandisi aliusoma mara tatu. Mke wake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya nne: vyumba vitatu, jiko, na ukumbi mwembamba. Waliinunua wote wawili enzi alipokuwa akifundisha chuo kikuu katika nchi ile. Chumba cha tatu kilikuwa cha mkewe. Huko alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake na kupiga pasi, na kilikuwa na mlango wake wa pili, uliotokea ngazi ya nyuma. Alipougua wakaamua kurudi kwao, na nyumba wakamkabidhi dalali, kwa kuwa sheria za kule zilimtaka mmiliki mgeni awe na mwakilishi mwenyeji. Siku ya kuandika mkataba mkewe aliweka sharti moja.

"Andika chumba kile ni changu," alimwambia. "Nisije nikarudi nikaambiwa nikae sebuleni kama mgeni."

Ikaandikwa, ibara ya tisa: Chumba cha tatu hakimo katika upangaji huu. Kimebaki kwa matumizi ya mke wa mwenye nyumba.

Mwaka wa kwanza baada ya mazishi dalali alituma mkataba uhuishwe. Mhandisi aliiona ibara ya tisa. Aliishika kalamu muda mrefu, kisha akaiacha ibara ilivyo na kusaini chini. Miaka mitatu iliyofuata alisaini bila kufungua ukurasa huo.

Alimpigia dalali.

"Nani ana funguo za chumba cha tatu?"

"Wewe," dalali akajibu. "Za mbele na za nyuma. Kwani shemeji hajambo?"

Dalali naye hakuwa ameambiwa. Mhandisi alikata simu, akaenda kutafuta tiketi.

*

Mshonaji alimfungulia mlango akiwa na futi ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Alizitoa, akampokea begi, akainama kumwamkia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mchangamfu.

"Karibu baba. Mama hakuniambia kama unakuja. Ila na yeye ni msiri! Miezi saba, sijawahi kumwona uso. Nikajua ndio watu wasomi, wanapita zao ngazi ya nyuma. Nikipita mlangoni namwamkia, ananiitikia, basi. Nimeshapanga kwa mama wenye nyumba wakorofi, wa kwako nilimwona zawadi."

"Anakuitikia?"

"Ananiuliza kama nimekula. Kila siku."

Mhandisi aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Mwanangu," alisema, "mke wangu alifariki. Miaka minne iliyopita, kwetu. Nilimzika mwenyewe."

Mshonaji alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamfia.

"Kwa hiyo tangu nihamie," alisema polepole, "nimekuwa nikimwamkia nani?"

Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya kikongwe, nyepesi, yenye furaha. "Nani huyo? Ni shemeji? Shemeji, umechelewa! Dada amekungoja mpaka amechoka."

Mama yake mshonaji alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba cha tatu, miguu mitupu, malapa yake yamepangwa pembeni na ncha zikielekea mlangoni, kama ya mtu anayeingia kwa watu. Kumbukumbu ilikuwa imemwishia siku nyingi. Lakini si kumbukumbu iliyomshtua Mhandisi. Mkono aliompa ulikuwa mifupa mitupu, na pete imefungwa uzi mwingi isimdondoke.

"Hii ni wiki ya tatu hali chakula," mshonaji alinong'ona. "Nikimpa chakula anasema kashiba. Daktari kampima, haoni kitu. Nikafikiri mama anampa huko ndani vitu vitamu, ndiyo maana nikakuandikia."

"Tunakula vizuri," kikongwe akasema. "Dada ana mkono mwepesi. Chakula chake hata hukisikii tumboni."

*

Saa nane kasoro, mwanga wa mchana ukiwa umejaa ukumbi mzima na watoto wa ghorofa ya chini wakisikika wakigombea mpira, harufu ilianza. Mwanzoni ilikuwa ile aijuayo, ya kitambaa kibichi chini ya pasi ya moto. Kisha ikazidi, ikawa ya kitambaa kilichokauka, kisha ya kitu kinachoungua ambacho si kitambaa. Mhandisi alikuwa amekata umeme wa chumba kile kwa mkono wake mwenyewe siku walipoondoka. Alikwenda jikoni kuangalia. Swichi ilikuwa chini, na utando wa buibui juu yake.

Aliporudi alisikia pasi ikiteleza, ikigeuka, ikiteleza tena, kwa mwendo uleule wa mkewe aliyekuwa akianza na kola na kumalizia na mikono, na katikati ya kugeuka ile pumzi ndogo aliyokuwa akiitoa puani bila kujijua, pumzi ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyeifahamu isipokuwa mwanamume aliyelala kando yake miaka thelathini na moja, naye akaushika ukuta, akijua kwa akili yake yote kwamba aliyeko ndani si yeye, na huku mwili wake mzima, ngozi na mifupa, ukimsukuma kwenda mbele kama mtu aliyefika nyumbani.

"Ni wewe?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Ilikuwa yake. Hata ule ukwaruzo wa asubuhi.

"Ni mimi," Mhandisi alisema.

"Funga mlango wa nje, upepo unaingia. Umekula?"

Mshonaji alimvuta kwa shati, kwa nguvu, mpaka sebuleni. "Baba, usiitike tena," alisema. "Nakuomba. Mtazame mama yangu, usiitike."

*

Mtu waliyemleta alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili. Alikuja na koti lake jeupe la kazi, nywele za wateja zikiwa bado zimeganda mabegani.

"Siku zote nanyoa ndevu," alisema. "Hii ya kufukuza majini niliachiwa na babu, na haina wateja wengi, nashukuru." Alisimama mbele ya mlango, akanusa, akaurudisha uso haraka. "Huo mkataba mlionieleza uko wapi?"

Mshonaji alileta nakala yake. Kinyozi aliisoma ibara ya tisa kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Jini halivunji mlango, mzee. Linangoja ruhusa ya mwenye mali. Wewe umeandika chumba hiki ni cha mtu, na mtu huyo hayupo. Ukatia saini mara nne. Basi limekuja kuwa yeye."

"Linajua sauti yake."

"Linajua kilichosemwa humu ndani. Kuta zimelifundisha. Nje ya chumba hiki halijui kitu. Kama unaona nakudanganya, liulize jambo alilosema kwingine."

Mhandisi alisogea mlangoni. Kikongwe alimpisha kwa heshima, akijifunika mdomo kwa aibu, kama mtu anayewaachia mume na mke faragha.

"Siku ile ya mwisho," Mhandisi alisema, "hospitalini. Uliniambia nini?"

Pasi ilisimama.

Maji yalisikika yakidondoka jikoni. Kisha sauti ikaja tena, lakini si kutoka kimo cha mtu aliyesimama. Ilitoka chini kabisa, kwenye upenyo kati ya mlango na sakafu, karibu na viatu vyake.

"Niambie."

Mshonaji alimkumbatia mama yake.

"Niambie mara moja tu," sauti ya mkewe ikabembeleza. "Nitajifunza. Nitakuwa nakuambia kila siku."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote maneno yale, si watoto wake, si dada wa marehemu. Miaka minne alikuwa ameyabeba kinywani kama mtu abebaye maji kwa kiganja, na kila mwaka sauti iliyoyasema ilikuwa ikififia mpaka akawa anayakumbuka maneno bila sauti, na sasa sauti ilikuwa hapa, inchi chache chini ya mkono wake, nzima, haijapungua hata kidogo, ikiomba maneno tu. Alifumbua midomo. Kisha akauona mkono wa kikongwe, ule uzi kwenye pete.

Aliifumba.

"Sasa," kinyozi alisema, na jasho lilikuwa likimtiririka. "Futa, halafu sema. Kwa mdomo wako."

Mhandisi aliikata ibara ya tisa kwa kalamu, kwenye nakala yake na ya mshonaji, akatia saini pembeni. Kisha akayasema yale ambayo mazishini wengine walimsemea.

"Mke wangu amefariki. Chumba hiki si chake tena."

Kinyozi akaanza kusoma alichosomeshwa na babu yake. Ndani, kitu kilipiga kuta zote nne kwa wakati mmoja. Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo, na kitu kizito kikasikika kikishuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, kikilia kwa sauti ya mwanamke, ile sauti, mpaka mtaani, mpaka kikapotea.

Walipofungua walikuta vumbi la miaka minne, halina hata alama ya unyayo. Juu ya meza ya kupigia pasi kulikuwa na gauni la kijani la mkewe, limepigwa pasi mara nyingi hata mishono imegeuka kahawia. Mhandisi aliligusa. Lilikuwa na joto.

"Vitu vyote vitoke leo," kinyozi alisema. "Na kwa siku saba asiwepo mtu wa kumsemesha marehemu humu. Chumba kimebaki kitupu, na kitupu husikia."

Jioni, kikongwe alikunywa uji bakuli zima, akaomba jingine. Mshonaji alikaa sakafuni, akalia.

*

Kesho yake, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, Mhandisi aliingia chumba cha tatu kuhakikisha dirisha limefungwa. Hakukuwa na kitu. Ukutani lilibaki doa moja, pale mkewe alipokuwa akiegemeza kichwa akichoka kusahihisha. Aliligusa kwa paji la uso wake. Alitaka kuyasikia maneno yake ya mwisho mara moja tu, hata kwa sauti yake mwenyewe mbaya, kabla hayajamtoka kabisa. Akayanong'ona ukutani.

Kisha akafunga dirisha, akaenda zake.

*

Miezi miwili baadaye mshonaji alipiga simu mchana.

"Baba, shikamoo! Nimehamishia cherehani chumba cha tatu, mwanga wake mzuri ajabu. Na mama kanenepa. Juzi kagombea paja la kuku na mimi, fikiria!"

Mhandisi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Na leo amekula?"

"Leo bado. Anasema kashiba." Mshonaji akasita. "Labda joto tu."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kitu kinachoteleza, kinageuka, kinateleza tena.

"Unapiga pasi?"

"Hapana baba. Umeme umekatika tangu asubuhi."

Kisha akaisikia ile sauti. Ilikuwa mbali na simu, labda kwenye kona ile ya ukuta, tulivu, yenye ukwaruzo wake wa asubuhi, kama alivyoisikia kutoka kitandani hospitalini, kabla hajatoka kwenda kujinyoosha kwenye benchi la korido na kurudi akakuta mkewe amefunikwa shuka mpaka usoni.

"Nenda kalale kidogo. Utanikuta hapahapa."

"Baba?" mshonaji alisema. "Upo?"

Alijua la kumwambia. Mchukue mama yako, mtoke sasa hivi, acha hata cherehani. Yalikuwa maneno machache. Alilibana sikio kwenye simu.

"Nipo," alisema. "Usikate kwanza."