Jibu la Mama Priscah

Likizo ya Aprili mwaka wa 2010, Akello aliamka kila asubuhi, akapika chai, akaosha vyombo, kisha akaketi karibu na shangazi yake, Daktari Lorraine. Daktari huyu hakutibu wagonjwa. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu mjini Eldoret, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wanavyoamua mambo katika safari ya bidhaa, kuanzia mkulima anayevuna mahindi katika kijiji cha Ziwa hadi mwenye duka anayeuza unga.

"Januari 2008, vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi, watu wa mtaa huu walilala njaa," shangazi alimweleza. "Kule Ziwa maghala yalikuwa yamejaa mahindi. Barabara zilifungwa, sawa. Lakini hata zilipofunguliwa, unga haukuonekana madukani. Nataka kujua watu walifikiria nini."

Siku hiyo alimkabidhi Akello madodoso sita awapelekee wenye maduka. "Uliza, sikiliza, andika wanachosema. Usitie chumvi."

Kufikia saa sita mchana Akello alikuwa amemaliza maduka matano. La sita lilikuwa la Mama Priscah. Alipofika mlangoni, alisita. Mwaka ule wa vurugu alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameshika gauni la mama yake, na Mama Priscah akawaambia, "Unga umeisha," ilhali marobota ya unga yalionekana nyuma ya pazia. Siku mbili walishindia chai ya rangi.

Akello aligeuka, akaketi kwenye ngazi za kanisa, akajaza dodoso mwenyewe: *Niliuficha unga kwa sababu ya tamaa na chuki.*

Jioni shangazi alilisoma, akavua miwani.

"Akello, Mama Priscah mwenyewe amekuambia ana tamaa?"

Akello akainamisha kichwa. "Sikumuuliza. Lakini alitunyima unga, shangazi. Niliuona kwa macho yangu!"

"Uliuona, ndiyo. Sababu huijui. Utafiti huu umenichukua miaka miwili. Wiki ijayo nitausoma mbele ya wakulima na wafanyabiashara. Jibu moja la uongo likigunduliwa, nani ataamini mengine?"

"Naogopa kumkabili."

"Hata mimi huogopa kubisha milango mingine. Lakini hubisha."

Kesho yake Akello alijikaza, akaingia dukani na dodoso jipya. Mama Priscah alikuwa akipanga sabuni. Alisikiliza swali kuhusu unga wa 2008, akaweka sabuni chini.

"Wewe ni mtoto wa Mama Akello," alisema polepole. "Wacha nikuambie ukweli. Nilikuwa na marobota manane. Dereva wangu, Nicanor, alinipigia simu, akaniambia lori halitakuja mpaka mwezi uishe. Nikashikwa na hofu. Nina watoto wanne. Nikafunika unga. Lori likaja baada ya siku tano tu! Na mama yako, mpaka leo nikimwona sokoni napitia upande mwingine."

Akello aliandika kila neno. Alitaka kuondoka, lakini dodoso lilikuwa na maswali mengine manne. Akauliza yote.

"Andika hivyo hivyo nilivyosema," Mama Priscah akasisitiza. "Na jina langu uliandike."

Siku ya mkutano, ukumbi wa kanisa ulijaa. Daktari Lorraine alieleza kwamba kati ya wenye maduka sita, watano walificha unga, na wote watano walitoa sababu moja: hofu iliyoletwa na habari za simu.

"Kumbe si mimi pekee!" Mama Priscah alisema kwa sauti. Kisha akasimama, akamgeukia mama yake Akello mbele ya watu. "Nilikudanganya. Nisamehe."

 Mama yake Akello akasogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kuketi.

Kabla ya kuachana, wenye maduka walikubaliana kwamba barabara zikifungwa tena, mtu mmoja atawapigia madereva simu na kuwaambia wote ukweli, na kila duka litauza kidogo kidogo bila kufunga.

Walipokuwa wakikusanya viti, Akello alisema, "Shangazi, nikikua nataka kufanya kazi kama yako."

"Basi anza na hili," Daktari Lorraine akamjibu. "Ukimjazia mtu jibu, utasikia hasira yako tu. Ukimuuliza na kuandika alichosema, hata kama kinakuuma, hapo ndipo utajua cha kurekebisha. Bila uaminifu hakuna elimu, mwanangu."

Akello aliinua viti viwili kwa pamoja, akavipeleka stoo.