Kufuli ya Tatu

"Stoo iko na kufuli tatu," Wabuge akasema. "Mama watatu, kila mtu na ufunguo yake. Mmoja hawezi fungua bila wenzake."

"Mbona usumbufu yote hiyo?" Kim akauliza.

"Chairlady ni Wacera, Mkikuyu wa kwenu. Chepkorir ni Mkalenjin wa hapo. Wa tatu ni mathe, mama yangu mzazi, Mluhya. Ulidhani wataaminiana hivi hivi tu?"

Irungu akacheka. Yeye ndiye bosi. Walikuwa nyuma ya duka yake ya welding, Kapsoya, mlango imefungwa, redio iko juu. Ijumaa, jua kali.

Mali ya kuiba ilikuwa pampu na paneli za sola. Pesa ya climate, msaada wa mabadiliko ya hali ya hewa. Kule Kambi Mawe, mbele ya Sugoi, mahindi ilikauka miaka miwili ikitoa maua. Mwaka wa tatu mvua ikakuja na hasira, ikabeba hadi udongo. Wafadhili wakachimba kisima. Maji ya kwanza ni ya wajane, wazee na wagonjwa. Imebaki tu kufunga pampu kwa kisima.

"Eti pesa ya wanyonge," Irungu akasema. "Na wewe? Umemaliza form four, unabebea watu mawe. Wewe si mnyonge?"

Wabuge aliomba kazi ya kuchimba mitaro kwa huo mradi. Kontrakta akakuja na vijana wake kutoka Nairobi.

"Jumapili kuna ibada ya shukrani," Wabuge akasema. "Kijiji yote iko kanisa. Hata soja, mlinzi wa stoo, ako kwaya, anaimba besi. Na vile hizo spika zao zinapiga kelele, hakuna mtu atasikia grinder ikikata chuma."

Akaweka ufunguo mpya kwa meza. Ule wa mathe aliipiga chapa kwa sabuni mathe akioga, kisha akachongesha huu.

"Kufuli ya mathe iko ndani ya boksi ya chuma, grinder haifiki. Tutafungua na hii. Lakini bosi, ikitoka, uikate pia. Zote zikae sawa. Mathe asiguzwe na hii maneno."

"Mathe yako ni mathe yangu," Irungu akasema.

JUMAPILI, SAA NNE NA NUSU

Kwaya ilipoanza, Kim akawasha grinder ya betri. Kufuli ya kwanza, chini. Ya pili, chini. Wabuge akaingiza ufunguo ndani ya boksi. Ikafunguka bila kelele.

Wakapakia Kanta, lori ndogo, kama wazimu. Paneli, waya, pampu. Kim akavunja kucha, akatukana. Irungu alikuwa amesimama mlangoni, bastola kwa mkanda, anaangalia njia.

"Wabuge, shika usukani. Kim, ingia. Mimi namalizia hapa."

Kanta ikanguruma. Irungu akaruka ndani. Wakatoka.

SAA TANO NA NUSU

Wakafika Maili Nne. Hakuna karao, hakuna kizuizi ya polisi. Kim alikuwa anacheka peke yake.

"Bosi, ile ya mathe ulikata saa ngapi? Grinder nilikuwa nayo mimi."

Wabuge akageuka. "Hukukata?"

"Angalia barabara," Irungu akasema.

"Nimekuuliza, hukukata?"

"Tumia akili, kijana. Karao akipata kufuli zote zimekatwa, anatafuta majambazi. Akipata moja imefunguliwa na ufunguo, anatafuta mwenye ufunguo. Wewe uko na mathe mmoja. Mimi niko na miaka kumi na tano ya jela inaningoja."

Wabuge akakanyaga breki. Akanyakua grinder kwa miguu ya Kim, akashuka, arudi aikate mwenyewe.

Irungu akatoa bastola, akaiweka kwa paja. Hakuielekeza mahali.

"Enda. Mnunuzi ako Cheptiret, nyuma ya posho mill, ile kinu ya unga, unajua. Mimi na Kim tutagawana wawili. Lakini ukifungua mdomo, mimi si kwaya, sitakuimbia."

Kim akashika usukani. Hakumwangalia Wabuge.

SAA SITA NA ROBO

Pikipiki ya boda ilimwacha kwa kona. Kanisa ilikuwa kimya. Wabuge akadhani wanaomba kimya.

Kufuli ya mathe ilikuwa inaning'inia kwa boksi, wazi, nzima. Akaitoa, akaikandamiza na goti, akawasha grinder. Cheche zikaruka. Chuma ikakatika.

Mlango wa stoo ukafunguka kutoka ndani.

Wacera. Chepkorir. Pasta. Nyuma yao, karibu kanisa yote. Walikuwa wamekuja kuombea pampu, wakakuta stoo tupu, wakafunga mlango kuulizana. Na mbele kabisa mathe, Mama Maximilla, ufunguo kwa uzi shingoni, machozi bado kwa uso. Alikuwa amewaapia ufunguo haijawahi toka hapo. Walikuwa wameanza kumwamini.

"Mama Wabuge," Wacera akasema polepole. "Si ulisema haijawahi toka?"

"Hajui kitu!" Wabuge akapiga nduru. "Niliiba akioga! Ni mimi!"

Soja wa besi akampiga ngwala. Mateke zikaanza. Mtu akauliza nani ako na petroli ya kumchoma, na mtu akainua jerikeni.

"Ngojeni," Mama Maximilla akasema.

Akainama kwa kijana yake. Hakumpangusa damu.

"Pampu iko wapi?"

"Mathe, nisamehe..."

"Sijakuuliza hiyo. Selpha, mjane, anachota maji ya matope na mguu moja. Pampu iko wapi?"

"Cheptiret. Nyuma ya posho mill."

Boda sita zikatoka, vumbi nyuma yao. Pasta alikuwa kwa simu na polisi.

Mama Maximilla akatoa uzi shingoni, akampa Chepkorir ufunguo. Kisha akaketi chini, akaweka kichwa ya Wabuge kwa leso yake, akaangalia huyo mwenye jerikeni.

"Pampu ikirudi, mtampeleka polisi. Hadi hapo hakuna mtu atamguza."

"Na isiporudi?" Wacera akauliza.

Mama Maximilla akavuta leso, akamfunika kijana yake.

Chini ya leso, Wabuge alikuwa na simu ya kabambe, ile ndogo ya vibonye. Akapigia Irungu amwombe arudishe pampu, mara moja, mara mbili. Sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikamwambia mteja hapatikani. Akafunga macho. Irungu hangoji mtu; saa hizi Cheptiret hakuna aliyebaki, na pampu haitarudi.