Kiti cha Bibi Orpha

Asubuhi ile mdogo wangu, Marlys, alikuwa akikaanga mayai huku akinung'unika. Bendi yao ya watu watatu ilikuwa inakwenda kurekodi kwenye kanisa kuukuu la mbao, huku kwetu milimani Karolina ya Kaskazini. Gita, banjo, fidla na ovaroli za wakulima. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kulima kitunguu. Mimi nilikuwa dereva.

Kilichomkera Marlys ni Junia, mgeni kutoka Kalifornia, aliyepewa kuongoza nyimbo ambazo Marlys ameziongoza miaka sita.

"Ana sauti ya paka aliyenasa kwenye ndoo."

"Sasa wivu wa nini?"

"Nani ana wivu?"

Mayai yakaungua.

Tukafika kanisani. Wao hurekodi kwa pamoja, wamekizunguka kipaza sauti kimoja. Corwin, mpiga banjo, akakaza nyuzi. Junia akatafuta pa kukaa. Kiti kilikuwa kimoja tu, kimefunikwa kitambaa cheusi. Sisi wa huku tunakijua. Waimbaji wa kanisa humwachia mwenzao aliyefariki kiti chake mwaka mzima. Hicho kilikuwa cha Bibi Orpha, aliyezikwa Machi. Hakikaliwi.

Junia akamtazama Marlys.

"Kaa tu, mpenzi," Marlys alisema. "Hapo ndipo penye sauti."

Nilisikia. Nikageukia dirisha.

Waliimba mara moja, vizuri mno. Corwin akaipiga rekodi tuisikilize. Akakunja uso. Banjo ipo. Marlys yupo. Mahali pa Junia aliimba mwanamke mzee, asiye na meno.

"Mzaha gani huu, Junia?" akanong'ona.

Junia akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Hata kikohozi.

Amerudi kwao. Anachotaka kusema, anaandika.

Marlys kazipata nyimbo zake. Lakini haimbi peke yake. Akivuta pumzi aanze, pumzi nyingine huvutwa kwanza. Sauti ile humtangulia kwa neno moja. Watu wanadhani ni ufundi. Tena wanaisifu ile, si yake.

"Dada, mwambie anipishe," alininong'oneza. "Kwani yeye nani, aimbe kunishinda?"

Hata maiti anamwonea wivu.

Juzi, wakati wa mazoezi, Marlys na Corwin walitoka kunywa maji. Nilibaki peke yangu. Nikakisogelea kipaza sauti. Upande wa pili, asikosimama mtu, wavu wake ulikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Vuguvugu.

Nikaufuta kwa kidole.

Ukarudi.