Mlio wa Giaboksi

Soko la Kariobangi lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo ya mwaka 1978, Nthoki akisukuma pikipiki katikati ya mafungu ya nyanya, gauni lake la manjano limemganda mgongoni kwa jasho. Pikipiki hiyo kuukuu ya Kiingereza aliachiwa na marehemu baba yake, na sasa ilikuwa imezimika kabisa.

"Dada, punda amegoma?" aliuliza fundi mmoja mrefu mwenye ovaroli ya buluu.

"Usiiite punda. Ni ya baba yangu."

"Basi nisamehe. Naitwa Okoth. Niachie, nitaiunda injini upya."

Akamwachia. Kila jioni akitoka kazini mjini, alikokuwa akipokea simu za ofisi, Nthoki alipitia karakana ya fundi huyo kutazama kazi. Taratibu akajikuta anamtazama Okoth tu: vidole vyake vikipangusa pistoni mpya, midomo ikifuatisha rumba ya redio ya jirani, jua likiyeyuka juu ya mabati. Akatamani kazi hiyo isiishe kamwe.

Ikaisha. Injini ilinguruma kwa upole, lakini alipofika Jogoo Road giaboksi ikaanza kulia, mlio mwembamba kama wa mbu sikioni. Enzi za baba hakuwahi kuusikia. Akageuza, akarudi karakana.

"Umeiba gia za baba, ukaniwekea mbovu!"

Watu waligeuka. Okoth aliweka spana chini, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata simu ya ofisini ililia.

"Naomba kuzungumza na Nthoki."

"Nthoki hayuko," akajibu Nthoki mwenyewe.

"Haya. Akija mwambie silali. Na alete pikipiki, niifungue machoni pake."

Alikwenda, amenuna. Okoth aliwasha injini, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye giaboksi, mpini akamwekea Nthoki sikioni.

"Sikia. Sasa navuta klachi."

Mlio ukanyamaza. Alipoachia, ukarudi.

"Klachi ikivutwa, shafti ya giaboksi husimama. Beringi yake ndiyo imelika, mpenzi. Imelika miaka mingi. Injini ilikuwa na kelele, ikaufunika mlio huu. Ilipotulia, ndipo tukausikia."

Nthoki aliinama. Juu ya skrubu za kifuniko cha giaboksi, rangi ya kijani aliyopaka baba yake kwa mkono ilikuwa bado imeganda, haina hata mkwaruzo. Hakuna aliyekuwa amezigusa. Macho yakamjaa machozi.

"Kwa nini hukujitetea siku ile?"

"Sikuwa najua mlio unatoka wapi. Nilichojua ni kwamba nakupenda, na hilo hukuniuliza."

"Nisamehe, Okoth."

"Nimeshasahau. Mama yako anaishi wapi?"

"Kangundo. Kwa nini?"

"Beringi ikishabadilishwa, nataka tuende nikamwombe."

"Umwombe nini, bisibisi?"

"Wewe."

Nthoki alicheka huku akilia. "Basi utafute suti. Mama hataki ovaroli sebuleni." Akamshika mkono uliojaa grisi, wala hakuuachia.