Mafunzo ya Mwalimu Jane Yaanza Upya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hafidha alimsaidia mama yake, Bi Chausiku, kupalilia migomba na mikarafuu yao kwenye mteremko wa milima ya Uluguru. Mwaka huo hali ilikuwa ngumu. Mfanyabiashara mmoja alitaka kununua karafuu zao zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, na mama alikaribia kukubali.

Jumamosi moja Mwalimu Jane alipanda kutoka Morogoro mjini kuwafundisha wakulima namna ya kupanga fedha za familia. Alieleza habari za bajeti na mtaji, huku akichora majedwali ubaoni. Alipouliza kama wameelewa, wote waliitikia, "Ndiyo!" wakapiga makofi.

Watu walipoondoka, Hafidha alibaki kupanga viti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama ameyaonaje mafunzo?"

Hafidha aliinamisha kichwa. Ingekuwa rahisi kusema mama ameyapenda.

"Samahani, mwalimu. Alipiga makofi kwa heshima tu. Hakuelewa. Wenzake pia hawakuelewa."

Jane aliacha kufuta ubao. Hafidha akaogopa kwamba amemkosea. Lakini mwalimu alivuta kiti, akamwambia, "Kaa. Niliwapoteza wapi?"

"Ulipoanza kuchora. Mama anasema maisha yake hayakuwemo mle."

Jioni hiyo Jane hakurudi mjini. Alipita nyumba kwa nyumba, akiuliza fedha huingia lini na huishia wapi. Kisha akayaandaa mafunzo yake upya.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila ubao. Kila familia ilipewa bakuli la maharage.

"Haya ndiyo mavuno yenu," alisema. "Leo tutaishi mwaka mzima."

Alitaja mwezi mmoja baada ya mwingine, na wakulima wakatoa maharage kulipia unga, mbegu, dawa na sare za shule. Bi Chausiku, aliyechagua katika mchezo huo kuuza karafuu zikiwa mtini, alikuwa amepewa maharage machache kulingana na bei yake. Kabla miezi ya masika haijaisha kutajwa, bakuli lake likawa tupu.

"Kumbe ndivyo ninavyojiumiza!" alisema. "Mwalimu, naomba nirudie."

Safari hii, katika mchezo, alisubiri karafuu zikauke, akajikimu kwa ndizi, na akatenga mbegu kwanza. Maharage yalimfikisha msimu mwingine.

Mfanyabiashara aliporudi, mama alimjibu kwa upole, "Karibu zikishakauka, baba." Miezi iliyofuata walibana matumizi kwelikweli. Lakini baada ya mavuno waliuza karafuu kavu kwa bei nzuri, wakanunua mbegu na sare mpya ya Hafidha.

Katika mkutano wa kufunga mafunzo, Jane alimsimamisha Hafidha mbele ya wakulima.

"Mtoto huyu aliniambia ukweli, tena kwa adabu," alisema. "Hakunivunjia heshima. Alinisaidia niwasaidie ninyi."

"Na wewe ulimsikiliza, mwalimu," alidakia Bi Chausiku. "Jamani, mkiambiwa ukweli, sikilizeni hivyo hivyo."

Safari hii makofi yalipigwa kwa furaha.