Moshi Ndani ya Gunia la Baba

Buchosa nzima wanajua kwamba mimi Chenge sijawahi kuficha kitu. Mdomo wangu hauna komeo. Niliwahi kumwambia katekista mbele ya kwaya kwamba kavaa soksi mbili tofauti. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkitaka kujua kilichoivunja nyumba yetu, mmefika kwa mwenyewe.

Baba yangu, Mzee Nathaniel Masalu, alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha samaki Ilemela. Alipofika hamsini na tano akastaafu kwa hiari, akatuhamisha kutoka Buhongwa, mjini Mwanza, akatuleta huku kwenye mibuni aliyoachiwa na babu. Mama yangu, Evelina, hakutaka. Buhongwa alikuwa na duka lake la vitambaa na wateja wa kupiga nao soga. Alilia siku mbili, ya tatu akafunga mizigo.

Tulicheka sana mwanzoni. Baba alikwenda shambani na shati lililopigwa pasi, na saa nne kamili aligonga sufuria kuita wafanyakazi kwenye chai. Wafanyakazi wenyewe ni mama, mimi na Winnie, dada yangu mkubwa. Alitaka kahawa ya kiwango cha juu: tuchume zilizoiva tu, tuzianike juu ya meza za wavu, mvua ikitishia tufunike turubai. Tatizo lilikuwa moja. Samaki walikuwa wameondoka na pua yake. Ungechoma tairi chumbani kwake angeuliza kama chakula kiko tayari. Basi pua ya shamba ikawa ya mama. Hakuna gunia lililoshonwa kabla mama hajaingiza uso ndani na kusema, "Hili safi, Baba Winnie."

Msimu uliopita Mahesh, mkaangaji wa kahawa mjini Mwanza, alikubali kuonja mzigo wetu. Akiupenda, atachukua wote kila mwaka. Baba alianza kumwita "Mahesh wetu" hata kabla hawajaonana.

Wiki moja kabla ya safari ya kumpelekea mzigo wazazi walikwenda msibani, nikabaki na meza za kahawa. Mvua ikaja. Nilifunika kwa wakati, kama kawaida yangu.

Tukaenda Mwanza, mimi na baba. Mahesh akakaanga kidogo, akasaga, akamwagia maji ya moto, akavuta kijiko kwa kelele, akatema. Akarudia. Kisha akaweka kijiko chini taratibu.

"Mzee Masalu, hii ililowa, halafu ikakaushwa kwa kuni. Ina moshi."

"Haiwezekani. Mke wangu amenusa kila gunia."

"Basi kamuulize mkeo, mzee wangu. Mimi siwezi kuichukua."

Njiani kurudi tukapita Usagara, tukavuka daraja la Busisi. Nilijaribu utani mmoja, akaniangalia, nikaumeza.

Mama tulimkuta anachambua dagaa.

"Mama Winnie, pua yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua? Au ndiyo njia yako ya kuturudisha Buhongwa?"

"Nathaniel." Hakuwahi kumwita kwa jina mbele yetu. "Miaka thelathini na mbili unanijua."

"Nilidhani nakujua. Nenda kwenu."

Mama alingoja kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake acheke. Baba hakucheka. Mama akanawa mikono, akakunja kanga zake, akaenda kwa kaka zake Ukerewe. Huu ni mwezi wa nane tangu aondoke. Magugu shambani yamefika kiunoni. Kila asubuhi baba anachukua kiganja cha kahawa, anakisogeza puani, anangoja.

FUNZO

Enyi wazee wenye hasira, ulizeni mara mbili kabla ya kumtimua mtu. Baba angeuliza mara ya pili, leo mama angekuwa jikoni kwake.

Hapo nilitaka kuweka kalamu chini. Kumbe Winnie alikuwa nyuma yangu, anasoma.

"Umeandika ulifunika kwa wakati."

"Ni hadithi tu, dada."

"Ulikuwa kwenye banda la mpira, Chenge. Ulirudi kahawa imelowa, ukaimwaga kwenye bati jikoni, ukawasha kuni. Ilipokauka ukaichanganya na nzuri. Nilikuwa natoka kisimani, nilikuona."

Nikaanza kuikunja karatasi, Winnie akaendelea.

"Na mama alijua. Alinusa gunia, akanusa na shati lako kwenye kamba. Nikamwambia nitamwambia baba. Akanishika mkono: 'Nyamaza. Baba yenu anaweza kumfukuza mtoto. Mimi hawezi.'"

Nikataka kuchana karatasi. Akaiwekea kiganja.

"Alinikataza kusema, nikatii. Miezi minane imetosha. Usifute kitu. Hilo funzo umempa mtu mwingine, andika la kwako. Baba nimeshamwambia una kitu cha kumsomea."

Basi andikeni hivi: ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana ukinyamaza, anayekupenda ndiye atakayelibeba kosa lako na kuondoka nalo.

Nje, sufuria inagongwa. Ni saa nne kamili.