Breki ya Otula

Haya alinisimulia rafiki yangu Gordon, tuliyepanga naye nyumba mtaa wa Migosi, na hajapanda baiskeli tangu mwaka wa themanini na saba.

Mdogo wake Otula alizama ziwani, maiti haikupatikana. Kwa desturi ya kwao Nyakach, mtu kama huyo huzikiwa tunda la mti wa yago, yaani mwegea, refu na zito, badala ya mwili. Mama akamtuma Gordon alitafute msituni, kwenye bonde la mto.

Alilifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, akarudi kwa kijia ambacho hakipiti gari. Chini ya miti giza lilikuwa limeshaingia. Kwenye mteremko akakumbuka kwamba baiskeli haina breki. Siku zote Otula ndiye aliyekaa nyuma, akiburuta visigino chini kupunguza mwendo.

Baiskeli ikashika kasi. Ndipo akasikia nyuma yake kitu kikikwaruza vumbi, kwaru, kwaru, na baiskeli ikapungua kasi taratibu mpaka ikasimama kando ya mto. Hakugeuka.

Nyumbani, mama alilipokea tunda kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

“Mama,” Gordon akasema, “nilikuwa naye mpaka mtoni.”

Asubuhi, kabla ya kuzika, mama alitaka kupaona mahali hapo, wakaenda. Alama ya tairi ilikuwepo, na kila upande mchirizi wa kisigino. Pale ilipoishia, nyayo za miguu mitupu zilishuka kuelekea mtoni.

“Baba, mbona hukumngojea?” mama akamuuliza Gordon.

Akainama, akagusa unyayo mmoja. Kijia chote kilikuwa vumbi kavu. Ndani ya unyayo bado mlikuwa na maji.